Maziwa kwa Walaji wa Samaki

Mukagasana alianza kuuza maziwa Bweremana kwa sababu watu wa mlimani walimkataza. Mwanamke wa aina yake ukitaka afanye jambo, mkataze, kisha kaa pembeni utazame.

Mumewe alifariki mwaka wa 1950, akamwachia watoto wawili na ng'ombe kumi na wawili. Ng'ombe kule juu ni heshima, lakini heshima haivishi watoto nguo. Kila boma lilikuwa na maziwa yake. Ukitembeza kibuyu chako nyumba kwa nyumba, unarudi nacho kimejaa na mgongo unauma. Chini, kando ya Ziwa Kivu, wavuvi walitoka majini kila asubuhi na baridi na njaa, na hakuna aliyewapelekea hata tone. Njia wafugaji waliijua sana. Kilichowazuia ni mwiko: maziwa hayaingii kinywa kinachokula samaki, na mkono unaokamua haushiki samaki, la sivyo chuchu za ng'ombe zitapasuka na kutoa damu. Wote walikuwa Wakristo, Jumapili misa, lakini waliobatizwa walikuwa watu. Mwiko ulibaki vilevile.

Mukagasana alikuwa amemwona padri akila samaki Ijumaa na kumimina maziwa kwenye kahawa palepale, na ng'ombe wa misioni walikuwa wanene kuliko wa mtu yeyote. Hakumwuliza mtu. Alijitwika kibuyu cha mashanza, yale maziwa yaliyoganda yakawa mazito na machachu, akashuka nacho hadi soko la Bweremana, ukingoni mwa ziwa.

Pale sokoni hakuna aliyekunywa cha mgeni kabla mgeni mwenyewe hajakionja, kwa kuogopa sumu. Mukagasana alipokea kikombe cha kila mnunuzi, akapiga funda moja, akamrudishia. Wavuvi walipomkaribisha samaki wa kuchoma, aliketi chini, akala, akalamba vidole. Nzabandora, mkubwa wa wavuvi, alimtazama akacheka. "Mama, miaka yote watu wa ngombe banapita hapa banaziba pua. Weye unakula na sisi?"

"Samaki iko tamu," alimjibu. "Leta ingine."

Kuanzia siku hiyo kibuyu hakikurudi mlimani na kitu. Na biashara ikishasimama, ndugu huwa hawako mbali.

Aliyekuja ni Gatera, mdogo wa marehemu mumewe. Hakuja na ugomvi, alikuja na huzuni ya uongo, ambayo ni mbaya zaidi. Alikwenda kwa Papa Semana, mzee wa ukoo, akakaa mbele yake kama mtu aliyefiwa. "Papa, shemeji yangu anakunywa mu kikombe kimoja na bala-samaki. Kisha anarudi kukamua ngombe za kaka yangu. Zitaisha zote." Semana alikuwa mzee mwenye imani ya kweli na akili ya kunyooka, ukimwonyesha mwiko uliovunjwa haulizi nani atafaidi. Aliamua ng'ombe wahamie kwa Gatera, mkono safi. Mukagasana alibakishiwa mmoja, mzee, wa kunywesha watoto.

Mvua mbili hazikupita, Gatera akatokea Bweremana. Alikuja na wapagazi watatu na vibuyu vikubwa, maziwa ya ng'ombe walewale, akauza kwa nusu ya bei ya Mukagasana. Mlimani alikuwa na maneno tayari: yeye anamimina tu, haketi nao, hali nao, kikombe chake hakijawahi kukutana na chao. Semana akakubali. Mwiko nao una milango ya nyuma, na kila mlango una watu wake.

Mukagasana alishusha bei. Gatera akashusha zaidi. Kushindana bei na mtu mwenye ng'ombe kumi na mmoja wakati wewe una mmoja ni kujikaanga kwa mafuta yako mwenyewe. Wateja walihama mmoja mmoja, wengine wakipita mbali ili wasimtazame machoni. Nzabandora angalau alikuja kumwambia uso kwa uso. "Mama, tunakupenda. Lakini batoto ni bengi, na yake njo bei ya chini."

"Naelewa, Papa," alisema, na kweli alielewa, ndiyo maana iliuma zaidi. Ng'ombe wake akikauka, watoto wangekula nini? Hilo lilikuwa moja. La pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na hakuona aibu nalo: alitaka kumwona Gatera chini. Jioni alisali rozari, na kwenye kila punje alitaja jina la Gatera, wala si kwa kumwombea heri.

Mkono mtupu haulambwi, lakini macho hayanyang'anywi. Alipokosa wateja alibaki kuketi nyuma ya kibuyu chake akimtazama mpinzani wake siku nzima. Alimwona Gatera akitoa kikombe chake cha bati kiunoni, akijimiminia tone, akionja, akikifuta vizuri na kukirudisha. Chombo cha mvuvi hakukigusa hata kwa kidole; alimimina kwa juu, mkono umenyooka, kama anayemwagia mbwa maji. Kwa nusu bei watu walikuwa wamelinyamazia jambo hilo. Mukagasana alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Alianza kuzunguka kwa wavuvi na swali moja tu. "Nyinyi munakunywa maziwa yake. Yeye anaogopa nini mu kikombe chenu?" Alilisema kwenye mitumbwi, alilisema kwa wanawake waliokuwa wakipasua samaki, kisha akaliacha lijitafunie lenyewe. Mtu maskini anaweza kumeza bei yoyote, lakini dharau humkwama kooni.

Kisha alipanda kwa Semana, akapiga magoti. Alisema ametubu, na kwa kuwa alikosea mbele ya watu, anataka kuomba msamaha mbele ya watu, sokoni. Alikuwa anadanganya, na hakutetemeka hata kidogo. Mzee alifurahi mno. Miguu yake haikuwa imemfikisha ziwani miaka mingi, lakini nani hapendi kwenda kuombwa msamaha?

Siku ya soko Semana aliteremka taratibu na fimbo yake. Mukagasana alimketisha nyuma ya wauza chumvi, mahali anapoona bila kuonekana, akamwomba asubiri kidogo.

Gatera alikuwa tayari amefungua vibuyu. Nzabandora alikuja mbele yake na kundi la wavuvi, mkononi kikombe cha udongo, midomo yake bado inang'aa mafuta ya samaki. Gatera alipokwisha kukimiminia maziwa kwa juu, Nzabandora alikigusisha midomo, kisha akamnyooshea.

"Onja kwanza, kaka."

"Nimekwisha onja," Gatera alisema, akionyesha bati lake.

"Ile ni yako. Onja mu yangu. Mama Mukagasana alikuwa anaonja."

"Miye si Mama Mukagasana."

"Njo tunauliza: ju ya nini?" Nzabandora alisema kwa upole. "Kama kinywa changu kinakutapisha, useme, tujue. Tutarudi kwa mwenye kula na sisi, hata akiuza mara mbili."

Wavuvi hawakupiga kelele, walingoja tu. Nyuma yao foleni yote ilikuwa imesimama, na vibuyu vilikuwa vimejaa, na jua lilikuwa linapanda. Mukagasana alijua kwamba Gatera akikataa amepoteza soko. Akikubali, yule mzee yuko pale anatazama. Alikuwa amefunga milango yote miwili na hakujali ni upi atakaougonga.

Gatera aliangalia vibuyu vyake. Kisha akatabasamu, lile tabasamu la mtu wa biashara, akachukua kikombe na kunywa, si funda moja bali yote, mpaka chini. Mmoja wa wavuvi alimpa kipande cha samaki, naye akakitafuna bila hata kukunja uso. "Munaona? Tuko ndugu," alisema. Foleni ikaanza kusogea.

Hapo ndipo Mukagasana alipoelewa jambo ambalo hakuwa amelitegemea. Alifikiri atamlazimisha mtu kuvunja imani yake. Kumbe huyu hakuwahi kuamini. Chuchu, damu, machozi mbele ya mzee, vyote vilikuwa kamba ya kuvutia ng'ombe wa kaka yake. Chuki aliyokuja nayo asubuhi ilikuwa ndogo ukiilinganisha na hii.

Semana alitoka nyuma ya chumvi. Gatera alipomwona, samaki alikuwa bado mdomoni.

"Tema," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ao meza. Iko sawasawa."

Hakukuwa na shauri refu. Hukumu aliyoitoa Semana juu ya mjane ilikuwa ileile, na sasa ilimwangukia aliyeiomba. Ng'ombe warudi kwa mjane, ambaye kwa mzee alikuwa amekwisha kutubu. Lakini mzee aliona aibu ya ukoo imezidi, akataka kuipunguza. "Binti yangu, umuachie ngombe mbili. Iko na batoto. Weye ni Mukristo."

Watu wote walimgeukia. Gatera aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza huzuni yake ilikuwa ya kweli.

"Zote, Papa," Mukagasana alisema. "Na leo."

"Shemeji," Gatera alisema polepole, "batoto yangu batakunywa nini?"

Aliwafikiria wale watoto; walikuwa na macho ya marehemu mumewe, na hawakumkosea kitu.

"Bakuje kila asubuhi na kikombe, nitabapa bure," alisema. "Weye utanunua. Na bei nitapanga miye."