Kalamu ya Madunda

Nimeolewa na mwanaume mwenye nakala nane za kitabu kimoja. Si vitabu vinane. Ni kitabu kimoja, nakala nane, na ukimuuliza kwa nini atakutazama kana kwamba umemuuliza kwa nini ana vidole kumi.

"Praxeda, hii jalada lake lina bastola nyeusi. Hii bastola ni ya kijivu. Na hii wamekosea jina la mwandishi, wameandika Mabunda. Unajua ilivyo adimu?"

Sijui. Sitaki kujua.

Mwandishi mwenyewe ni hayati Sefu Madunda, ambaye riwaya zake za upelelezi zilisomwa Bukoba yote wakati mimi na Telesphory tukiwa shuleni. Hata mimi nilizisoma, chini ya dawati, na sikatai kwamba zilininyima usingizi. Tofauti ni kwamba mimi nilisoma, nikajua nani kaua, nikarudisha kitabu kwa mwenyewe. Telesphory hajarudisha kitu hadi leo. Anafanya kazi ya kutoa mizigo uwanja wa ndege hapa Kanombe, Kigali, ana marafiki Dar, Nairobi na Kampala, na kila rafiki akisafiri lazima alete kitu cha Madunda. Kimekuja kibao cha duka alilokuwa akinunulia sigara. Limekuja tangazo la filamu ambayo haikutengenezwa. Limekuja koti lake la sufu lililokatika vifungo viwili, na nimekatazwa kulishona vifungo kwa sababu, eti, vilikatika mwenyewe akiwa amelivaa. Mimi fundi cherehani! Nina duka Gisimenti, watu wanatoka Kimironko kuniletea nguo zao, halafu ndani ya nyumba yangu linaning'inia koti wazi kifuani na sina ruhusa ya kuligusa.

Vyote hivi vinakaa katika chumba cha wageni. Au tuseme ndivyo vilivyokuwa wageni, maana tangu viingie hakuna mgeni mwingine aliyelala humo. Kitanda kipo, nakikumbuka. Maboksi yamekifunika hadi dirishani.

Nilivumilia. Kisha mama yangu akapata mtoto wa jicho, macho yote mawili, na Bukoba wakamwambia asubiri. Mimi nikampatia nafasi kwenye kliniki ya macho hapa Kigali. Angekaa nasi mwezi mmoja tu, jicho moja kwanza, likipona la pili, angerudi nyumbani anaona migomba yake. Nilipompigia simu alifurahi, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nafasi ipo, mwanangu? Kama hakuna, nitarudi na basi hilohilo. Sitaki mgombane kwa ajili yangu."

Mtu asiyemjua mama yangu angesema anabembeleza. Habembelezi. Alikwenda kwa kaka yangu Mwanza, wakamtandikia sebuleni, akakaa siku mbili akasema anawahi msiba. Msiba wenyewe haukuwepo. Kwa hiyo nilijua: mama akikuta hana kitanda, ataondoka, na macho yake yatazimika huko kijijini akisema hajambo.

Nilimwambia Telesphory mapema. Akasema sawa. Nikamwambia tena. Akasema wikiendi. Wikiendi ikaja, akatoa boksi moja, akakuta ndani yake kitabu alichodhani kimepotea, akakaa sakafuni akaanza kukisoma mpaka jioni. Nikamwambia nitayatoa mwenyewe. Akasimama mlangoni amenyoosha mikono, mtu mzima, mwenye mvi. "Mke wangu, nakuomba. Ukivitoa wewe utavuruga mpangilio. Jumamosi mama anapofika, chumba kitakuwa cheupe."

Jumamosi yenyewe ilikuwa ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo mtaa mzima tunatoka na majembe kufanya kazi ya pamoja, na kazi ikiisha tunakaa kwenye mkutano. Tulizibua mtaro. Chumba kilikuwa vilevile. Nilishika jembe nikiwa na hasira kiasi kwamba mzee Twagirayezu, mwanajeshi mstaafu anayekaa nyumba ya pili, aliniambia niuhurumie mtaro.

Kwenye mkutano, matangazo yalipokwisha, nikashangaa kumwona Telesphory amesimama. Miaka yote hii Kigali, Kinyarwanda chake kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Majirani! Leo saa tisa karibuni nyumbani kwangu. Nina kalamu ya Sefu Madunda! Kila mtu aje na familia yake!"

Watu walipiga makofi, wengine wakapiga na vigelegele. Kumbe jana yake alikuwa amepanda hadi Gatsata kwa mzee mmoja, Ilyasi, ambaye zamani alikuwa na nyumba ya kulala wageni; Madunda alilala hapo safari moja akasahau kalamu. Kalamu ya plastiki, ya bluu, mfuniko wake umetafunwa. Telesphory aliniambia meno yale ni ya Madunda, kama ananionyesha masalia ya mtakatifu.

"Na chumba?" nilimuuliza njiani.

"Nitatoa. Kiprotich akishaona kalamu." Kiprotich ni Mkenya wa ofisini kwake, naye hukusanya vitabu hivyohivyo, na wawili hao wanachukiana kwa upendo mkubwa. "Lazima aone vitu vyote pamoja, Praxeda. Nikitawanya sasa, kalamu itakuwa na maana gani?"

Niliongeza mwendo. Ningemjibu ningesema neno ambalo haliwezi kurudi.

Saa saba hivi nikasikia hodi. Alikuwa Mukashema, mke wa Twagirayezu, amevaa mushanana, lile vazi lao la sherehe linalofungwa begani, na nyuma yake watu wawili wamebeba kreti za Fanta.

"Mama Frida, amahoro! Karamu iko saa tisa, si ndiyo? Mimi nimereta Fanta. Muzee anakuja na maziwa."

"Karamu gani?"

"Ya Madunda! Muzee wako si alisema? Mbabarira, unisamehe, mimi sikujua mama yako iko naitwa Madunda. Umeniambia tu mama anakuja Jumamosi. Sisi twese tumefurahi sana. Mutu kufanyia mukwe wake karamu hivi, ni wachache!"

Mimi ambaye kila siku naletewa "suruari" nifupishe na "brauzi" nipunguze kiuno, mimi ninayeandika "mkono mrefu" mteja akisema "mukono murefu," sikuwa nimesikia. Mtu akiwaambia watu hawa kalamu, wanasikia karamu, na karamu kwao haina mchezo. Mtaa mzima ulikuwa nyumbani unavaa.

Ningesema nini? Kwamba tumewaita kuangalia kalamu? Nilimkaribisha Mukashema, nikaingia jikoni, nikampigia jirani yangu wa Gisimenti mwenye baa, nikamwomba aniletee brosheti, mishikaki ya mbuzi ya huku, zote zilizokuwa kwenye moto na ndizi za kuchoma. Telesphory nilimkuta sebuleni anatandika kitambaa cheupe mezani na kuweka kalamu yake katikati, juu ya kimto. Nilimweleza. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi watakula huku wakiitazama."

Nilitoka kwenda kumpokea mama stendi ya Remera kabla sijafanya jambo.

Mama alishuka kwenye basi ameshika kikapu cha ndizi na mkono wa kondakta. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, akanigusa uso kwanza ndipo akacheka. Kwenye teksi nilitaka kumwambia kuhusu chumba. Nilifungua mdomo mara kadhaa, na kila nilipofungua aliniuliza habari za Frida, binti yetu aliye shule ya bweni, nikawa najibu hayo.

Tulipofika, uani palikuwa pamejaa viti. Nilimwongoza mama hadi mlangoni. Ndani, Telesphory alikuwa amesimama mbele ya meza, Kiprotich kakaa karibu, lenzi yake mkononi, na majirani wamenyamaza kwa adabu na sahani mapajani.

"Ndugu zangu," alikuwa akisema, "nimewaita kwa sababu ya kitu ninachokithamini kuliko vyote nilivyonavyo. Kalamu hii..."

Mukashema akatuona. "Ni uyu! Madunda amefika! Karibu, Mama Madunda!"

Nyumba nzima ikasimama. Wakaimba, wakampigia makofi ya mdundo, wakinamama wakamkumbatia mmojammoja kwa namna yao ya huku, kifua kwa kifua, mikono mabegani. Mama alilia. Telesphory alibaki mkono hewani. Nilimtazama kwa jicho ambalo angelielewa hata akiwa Mombasa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu alinyamaza kwa wakati wake.

Walimkalisha mama kwenye kiti cha heshima. Mzee Twagirayezu alitoa hotuba ndefu ya Kinyarwanda, kisha akaifupisha kwa Kiswahili: mukwe wa hivi apewe ng'ombe. Mama akashukuru. Akala brosheti, akanywa maziwa, akafuta midomo. Halafu akasema, kwa sauti iliyofika hadi uani:

"Mwanangu Telesphory, Mungu akubariki. Sasa nionyeshe chumba ulichoniandalia, na majirani wakione."

Watu walikuwa wameshanyanyuka. Huku mgeni akionyeshwa kitu, kila mtu anakwenda kukiona. Tulikwenda msafara mzima, Telesphory mbele, anatembea kama anapelekwa polisi. Akafungua mlango. Maboksi. Maboksi hadi darini, kibao cha sigara, koti limening'inia, na ncha ya mguu wa kitanda.

Mama alinyoosha mkono, akagusa boksi. Akagusa lingine juu yake. Niliona anaanza kukishika vizuri kikapu chake, na nilijua anafikiria basi.

Twagirayezu ndiye aliyekohoa. "A! Naona. Muzee alibaki na mutaro asubuhi, hakumariza kazi ya nyumbani." Akavua koti la suti. "Basi umuganda haijaisha."

Wakajipanga mstari kutoka chumbani hadi barabarani, wanaume wa suti na wanawake wa mushanana, na maboksi yakaanza kupita mkono kwa mkono. "Yawekwe wapi?" mtu akauliza, na Mukashema akajibu kwamba kila nyumba itunze mawili matatu mpaka Mama Madunda apone. Telesphory alikuwa anapiga kelele ndogondogo, "Taratibu! Hilo la matoleo ya kwanza! Hilo lisilale kifudifudi!" Lakini angewazuiaje watu wanaomtengenezea mama mkwe wake kitanda, huku mama mkwe mwenyewe amekaa anawabariki? Kiprotich alisaidia kuliko wote. Alijaza gari lake maboksi matano kwa moyo mweupe mno. Kabla jua halijazama, mama alikuwa amelala kwenye shuka langu la maua, na katika nyumba nzima Madunda alibakiwa na kalamu yake na koti.

Sasa ni wiki ya tatu. Vitabu viko Kanombe yote. Boksi moja limewekwa televisheni juu yake. Twagirayezu anamsimamisha Telesphory barabarani kumuuliza nani alimuua waziri, maana ukurasa wa mwisho umechanika, na Telesphory anateseka kwa ukurasa huku akifurahia swali. Mama mtaa mzima unamwita Mama Madunda, naye anaitika.

Juzi asubuhi nilikuwa namtia dawa jicho la kwanza, lililokwisha kutolewa bandeji. Tulikaa barazani. Kigali asubuhi kuna baridi, na alikuwa amejifunika koti la sufu. Nilikuwa nimelishona vifungo. Sikumwomba mtu ruhusa.

"Praxeda," akasema, "ile kalamu aliipata wapi?"

Nilifunga chupa ya dawa. "Kalamu ipi, mama?"

"Nina mtoto wa jicho, mwanangu. Masikioni sina kitu." Alifuta tone shavuni. "Nilipofika mlangoni nilimsikia anahutubia. Akasema kitu ninachokithamini kuliko vyote. Nikasubiri nisikie mama. Au nisikie jina lako. Akasema kalamu."

Nilikasirika upya, kuliko hasira zote za maboksi, kwa sababu sasa nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake, na chini ya hasira kulikuwa na aibu, na chini ya aibu niliumia mimi mwenyewe. Miaka yote nilipigana na makaratasi, na mama aliijua nyumba yangu yote kwa neno moja, akiwa bado kizingitini.

"Na kwenye teksi hukukitaja chumba. Nikajua hakuna," aliendelea. "Nilitaka kurudi. Halafu nikasikia wale watu wanavyopiga makofi. Nikaona, nikimuuliza sirini, nitalala sebuleni. Nikimuuliza mbele yao, nitalala kitandani. Na wewe utapata mahali pa kuweka mgeni."

Mlango ukafunguka. Telesphory alitoka amevaa shati la kazi, kalamu mfukoni, wino wa bluu ukiwa umeanza kuvujia kwenye kitambaa cheupe. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje? Jicho linaona?"

Akaliona koti. Akaviona vifungo. Mdomo ulifunguka.

Mama alimtazama kutoka kichwani hadi chini, bila haraka, macho yakatua kwenye mfuko wa shati, kisha yakapanda tena hadi usoni.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Linaona. Nakuona vizuri kabisa."

Telesphory alifunga mdomo. Akasema anatafuta viatu vyake, akarudi ndani kuvitafuta, navyo vilikuwa miguuni.