Mstari Uliorukwa

Miaka ishirini na mitatu imepita, sijasahau. Nilikuwa mfagiaji wa maktaba niliyejifunza Kilatini peke yangu, na nikishindwa mtihani wa kuingia chuo, wa kutafsiri ukurasa wa kitabu kwa mdomo mbele ya profesa, narudi kwenye ufagio. Watahiniwa wenzangu walikariri tafsiri ya profesa, waliyorithishana miaka nenda miaka rudi. Ilisifu shamba la tajiri mmoja, ikaruka mstari unaotaja watu waliolilima wakiwa minyororoni. Zamu yangu ilipofika, mimi nikausoma na kuutafsiri.

"Huo hatuusomi," profesa akasema.

"Umo kitabuni, mwalimu."

"Bwana Fagio, umekuja kufaulu au kubishana?"

Nikautafsiri tena, polepole, neno kwa neno. Akaniandikia sifuri.

Kesho yake nilifagia chumba kilekile cha mtihani. Kabla wanafunzi hawajaingia, niliuandika ubaoni mstari mzima, pamoja na tafsiri yake.