Mpira wa Juu

Nangurukuru ukisema unatafuta godoro, kila mtu anageuka fundi. Wa bodaboda atakwambia chukua gumu, muuza chapati atakwambia chukua gumu. Wanalibonyeza kwa ngumi pale dukani, ngumi ikikataa kuzama wanaridhika, utadhani binadamu hulalia ngumi. Mimi nilikuwa namtafutia mama yangu, ambaye tangu apigwe na kiharusi hawezi kujigeuza, na chini ya mgongo, pale mfupa unapokaribia ngozi, alikuwa amefunguka kidonda. Ushauri wa ngumi sikuuhitaji.

Muuguzi alishanieleza vizuri. Chini kiwe kitu kigumu, mama asizame mpaka kwenye mbao za kitanda. Juu kiwe laini, kinachoupokea mfupa na kuinuka tena. Na mgonjwa ageuzwe, maana godoro halifanyi kazi ya mikono. Madukani hakukuwa na godoro la namna hiyo, nikaamua kulitengeneza mwenyewe, tabaka kwa tabaka. Sponji ngumu na ya wastani nilizipata palepale. La juu ndilo lililonihangaisha, kwa sababu sponji laini za kwetu unazilalia msimu mmoja tu zinabaki shimo.

Ndipo nikasikia kuna nyumba ya wageni Kilwa Masoko inafungwa na vitu vyake vinauzwa. Humo nikakuta mpira wenyewe, ule wa utomvu wa mti, mzito kama mtoto aliyelala, una matundu matundu mwili mzima. Nikaulalia pale sakafuni na gauni langu, mbele za watu. Kiuno changu, kinachoniuma tangu nianze kuinamia majiko ya stendi, kikatulia kabisa. Watu wakacheka. Nikarudi nyumbani nikamsimulia mama, naye akacheka kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima.

Fundi Shamte, anayeshona makochi na magodoro ya sufi, alikuja kushonea uani kwetu. Nilimpangia mwenyewe: ngumu chini, ya wastani katikati, mpira juu. Ile nailoni waliyoufungia mpira nilipoununua nikamwambia aitupe, mama anatoka jasho sana. Kisha nikakimbilia kibandani kwangu, mabasi hayamsubiri mpishi. Jioni nikakuta godoro limeshonwa, limetandikwa, mama yuko juu yake. Nikamshukuru Mungu.

Kidonda hakikujali shukrani zangu. Kila nilipokifungua kukisafisha kilikuwa kimechimba zaidi. Nilipofuata dawa zahanati, muuguzi akaniuliza kama kweli tunamgeuza. Aliuliza kwa upole, lakini nilielewa anachomaanisha, kwamba ninamwacha mama yangu aoze kitandani. Mchana anamgeuza jirani yangu Kidawa, usiku namgeuza mimi, halafu niulizwe hivyo. Nilirudi nyumbani nikiwaka.

Nikapenyeza mkono chini ya mgongo wa mama nikabonyeza. Kugumu kama benchi. Nikachukua mkasi nikachana mshono wa ubavuni. Juu ilikuwa sponji ngumu. Chini kabisa, juu ya mbao, ndiko ulikolazwa mpira wangu, ndani ya nailoni yake, umebandikwa gundi vizuri pembe zote.

Mama sikumwambia neno. Nilimwachia Kidawa, nikaenda kwa Shamte pale stendi, na mbele ya wateja wake nikamwita mwongo na muuaji. Nikamuuliza kama yeye alizaliwa au aliokotwa. Nikasema alikuwa anamsubiri mama afe aje auibe ule mpira. Watu wa stendi wakasogea kunisikiliza. Shamte hakuacha kushona mpaka nilipoishiwa pumzi.

“Dada Lusia,” akasema, “kamuulize bibi. Yeye ndiye aliyeniamuru, na aliniapisha.”

Niliporudi nyumbani, mama alikuwa ameelekezwa ukutani. Nikazunguka upande ule ili anione uso. Hakukana. Maneno yake siku hizi hutoka polepole, lakini hayo aliyatoa yote.

“Godoro la marehemu nani hulilalia? Nikifa, sponji mtazitupa. Mpira haujanigusa, mwanangu. Nimekutunzia kiuno chako.”

Kwetu ndivyo ilivyo, godoro alilofia mtu halirudi ndani. Baba alipofariki tulilitoa lake la sufi nyuma ya nyumba likachomwa, na aliyewasha kiberiti ni mimi. Mama alikuwa amekaa kwenye jamvi, anatazama. Kumbe alikuwa anatazama na siku yake.

Mwingine angelia. Mimi nilikasirika kuliko nilivyomkasirikia Shamte, kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Mgonjwa haulizwi uji, na huyu nimempikia, nimemnywesha, kumbe anautema kikombeni ili nije ninywe mimi.

“Mama,” nikamwambia, “mimi sijafiwa.”

Tukamshusha kwenye mkeka, mimi na Kidawa. Nikauvuta mpira kutoka chini, nikaichana ile nailoni toka kichwani mpaka miguuni, nikaitupa uani. Nikauweka mpira juu, nikatandika khanga yangu, bila kusubiri fundi wala mshono. Shamte ningemwomba radhi, lakini na yeye alikuwa na mdomo wa kuniambia. Atasubiri.

Tulipomlaza, mpira uliupokea mgongo wake bila sauti. Mama aliupapasa pembeni kwa mkono wake mzima, akayapitia yale matundu kwa kidole, machozi yakamtoka.

“Sasa umeuharibu,” akasema. “Haukufai tena.”

“Haunifai,” nikamjibu. “Lala.”