Mama wa Kwenye Miwani

Mama wa kwenye miwani alikuwa mpiga kelele hasa. Elieth, nesi mgeni wa zahanati ya Usoke, akiivaa tu ile miwani nzito ya mafunzo, yenye kuonyesha wagonjwa wasiokuwepo, kitanda kitupu kilichokuwa mbele yake kinapata mzazi. Damu ikianza kumtoka, mzazi anapiga yowe kama kamwagiwa uji wa moto. Hapo Elieth anamkanda tumbo, anachoma sindano, na Daktari Kruti, aliyekaa zake Tabora mjini akiona yote, anamsemesha sikioni: "Safi, binti! Ukimsikia tu, mikono inakwenda yenyewe."

Kweli, ilikwenda.

Kisha akaja Tekla, mke wa mkulima wa tumbaku, uchungu umeshamkolea. Mawifi zake wakakaa barazani, masikio wima. Kwao, anayelia leba husimangwa mpaka uzeeni. Tekla akauma kanga, akajifungua mtoto wa kike bila hata kuguna.

"We mama jasiri," Elieth akamwambia, akimfunika shuka. "Unajisikiaje?"

"Salama tu, nesi. Kawaonyeshe mtoto."

Barazani vigelegele. "Pua hiyo, kaka yetu hana pa kukana!" wifi mmoja akatania. Elieth akacheka nao, akarudi, akakaa kando ya kitanda akiandika, sikio lote kwa Tekla. Kimya. Akamshukuru Mungu kwa kumpa mzazi mtulivu.

Alipokuja kufunua shuka, godoro lilikuwa limelowa mpaka chini. Akakanda, akachoma sindano, akaita gari. Gari lilifika likakuta mawifi wanalia, tena kwa sauti, bila kumwonea mtu aibu.

Juma lililofuata, mafunzo yakaendelea.

"Pole kwa yaliyokukuta," Daktari Kruti akasema. "Haya, vaa."

Mama akapiga yowe. Elieth hakusogea.

"Elieth, humsikii?"

"Namsikia, daktari. Mnyamazishe."

"Sasa akinyamaza, utajuaje kwamba anavuja?"

"Hilo ndilo nililotaka unifundishe."

"Hawakumtengeneza hivyo, binti yangu."

Elieth akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya kiuno cha yule mama, pale ambapo siku ile hakupapasa. Kiganja kikagusa godoro jipya, kavu, nailoni yake haijatolewa. Juu yake, mama aliendelea kupiga kelele.