Nyeusi Iliyokataa Kushika

Mbusa aliondoka Butembo Jumanne moja ya Oktoba 2002, mvua ikinyesha, amekaa juu ya magunia ya maharagwe katika lori. Alikuwa anakwenda Beni, kisha Oicha, na kutoka hapo angefuata barabara ya msituni kutafuta mafuta ya mawese. Aliniambia nisimwekee chakula mpaka Jumapili. Jumapili nilimwekea. Hakuja.

Vita vilikuwa vimeingia katika barabara ile. Watu walianza kufika Oicha na Beni kwa miguu, na godoro kichwani, au bila kitu. Baada ya Noeli nilikwenda Beni kumtafuta mume wangu. Nilimkuta Jacob, rafiki yake aliyesafiri naye, katika uwanja wa parokia moja iliyojaa wakimbizi. Mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Mama Christa," aliniambia, kwa jina la binti yetu, "tulikimbia wote. Bakapiga masasi ya bunduki. Mbusa akaanguka karibu na maji ya muto. Nilimuita, hakuitika. Sikurudia nyuma."

Nilimwachia ndizi nilizokuwa nazo, nikarudi Butembo.

Mama mkwe wangu, Kyakimwa, alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha mikono.

"Jacob alimuona anaanguka?"

"Ndiyo, mama."

"Alimuzika?"

"Hapana."

"Donc alianguka tu. Hata miye jana nilianguka kwa matope ya soko ya Kimemi, na niko hapa."

Katika nyumba ile ni yeye tu aliyeweza kufungua matanga. Alipofiwa na mume wake, hakuna aliyevaa nyeusi kabla yeye hajasema. Kwa Mbusa alikataa kusema. Hapakuwa na misa, hapakuwa na watu kulala uani, na mimi niliendelea kuvaa vitenge vyangu vya maua kama mke ambaye bwana wake yuko safarini.

Kwa hiyo watu waliendelea kuniuliza. Kwenye bomba la maji, sokoni, mbele ya kanisa.

"Mbusa alirudia?"

"Bado."

"Ah, atakuya. Banaume beko vile. Labda alipata mwingine kule Bunia."

Walicheka kwa wema, na mimi nilicheka kidogo nao. Mwanamke aliyevaa nyeusi haulizwi hivyo. Anapewa pole, watu wanapita. Nilitaka hilo tu. Nilitaka niache kusema bado.

Nilijua kufuma, nilifundishwa katika shule ya sekondari, na nilikuwa nikiuza sweta za watoto wachanga. Niliona kwamba ningeweza kujifumia sweta nyeusi. Kwetu baridi ipo mwaka mzima, na mtu akivaa sweta nyeusi kila siku watu wataelewa wenyewe. Lakini uzi mweusi aliuuza Maliro peke yake, katika soko la Kimemi, na Maliro aliimba kwaya moja na mama mkwe. Ningeununua asubuhi, mchana mama angejua.

Ndipo nikamfikiria Julie, jirani yetu, aliyepika gato, yaani keki, za arusi. Baada ya kila arusi vidole vyake vilibaki na rangi ya waridi, na sabuni haikuitoa. Nikasema moyoni, kama rangi ya gato inashika ngozi ya mtu, itashika na sufu.

"Nyeusi?" Julie alisema. "Gato nyeusi ni ya nani? Ndoa ya shetani?"

"Haiko ya gato."

Aliniangalia, akaacha kucheka. Akaingia ndani, akatoka na vikopo vitatu vya unga wa rangi: nyekundu, bluu na manjano.

"Nyeusi kabisa sina. Mais ukichanganya zote tatu inakuya nyeusi. Njo vile nafanyaka macho ya njiwa juu ya gato."

Tulifanya kazi kwetu, nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa, siku ambayo mama alikuwa shambani. Nilikuwa nimenunua sweta nyeupe ya mitumba, nikaifumua. Tuliweka maji katika sufuria, rangi, siki kidogo, kisha uzi, tukaacha ichemke juu ya makaa. Uzi ulitoka mweusi vizuri. Nilipousuuza, rangi yote ilikwenda na maji, uzi ukabaki mweupe kama mwanzo. Julie aliuchoma ncha kwa kiberiti. Uliyeyuka, ukawa tone gumu, ukanuka plastiki.

"Haiko sufu," alisema. "Hii inakunywa, inatapika."

Siku nyingine nilichagua vizuri zaidi. Nilipata sweta nzito ya mzee, nyeupe iliyoanza kuwa njano, yenye viraka kwenye viwiko. Nilichoma uzi mmoja ukanuka nywele zilizoungua. Hiyo ilikuwa sufu ya kweli. Niliifumua, nikaifunga katika mafungu mawili, nikailoweka maji ya vuguvugu.

Fungu la kwanza nililitia katika sufuria maji yakiwa meusi kama wino. Niliongeza siki nyingi, kwa sababu Julie alisema siki ndiyo inayoshikisha. Baada ya muda maji yalianza kuwa mepesi. Yakawa kama chai, kisha karibu meupe. Rangi yote ilikuwa imeingia katika uzi, na nilifurahi.

Nilipouinua kwa kijiti, sikuona nyeusi popote. Upande uliotangulia kuingia ulikuwa mwekundu wa divai. Upande mwingine ulikuwa bluu, mahali pengine kijani, na katikati rangi ya majivu. Nyekundu ilikuwa imeukimbilia uzi kabla ya wenzake, na bluu iliyochelewa ilikaa pale ilipopata nafasi.

Fungu la pili nililitia siki kidogo kidogo, nikikoroga polepole. Lilitoka zambarau, na madoa ya kijani.

Julie alikaa juu ya kigoda akashika kichwa.

"Kama hawa bakubwa ba vita. Asubuhi beko chama moja, mangaribi kila mutu na yake."

Tulicheka mpaka machozi. Hatukusikia mama akiingia. Mvua ilikuwa imemrudisha mapema, jembe bado begani. Aliona uzi kwenye kamba, akaona sufuria yake ya maharagwe, akaona vikopo. Julie aliaga haraka.

"Uko nafanya nini?"

"Natia uzi rangi, mama."

"Rangi gani?"

Niliinama kufunika vikopo.

"Nakuuliza, Kahongya. Rangi gani?"

Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu Christa azaliwe.

"Nyeusi."

"Unapikia mwana yangu matanga ndani ya sufuria yangu?"

"Mama, nimechoka kusema bado."

Hilo sikuwahi kumwambia. Alitua jembe. Alikwenda kwenye kamba akashika uzi, akaugeuza upande mwekundu, upande wa bluu, akaukamua maji kwa vidole.

"Na hii njo nyeusi yako?"

"Ilikataa."

"Ilikataa," alisema. Mvua ilimlowesha, hakuuachia uzi.

"Miye sitavaa. Unasikia? Hakuna mutu aliniletea hata shati yake. Hata kama padri anakuya hapa, sitavaa."

"Ndiyo, mama."

"Mais weye ni muke yake. Kama unataka nyeusi, uende kwa Maliro mchana, ununue, batu banaona. Kwangu hakuna kujificha nyuma ya nyumba kama mwizi ya kuku."

Kisha akatoa uzi kwenye kamba, akaingia nao ndani.

"Na hii usitupe. Ni sufu nzuri. Utanifumia yangu."

Kesho yake nilikwenda sokoni. Maliro alipima uzi mweusi, akaniangalia, akanipa pole. Mpaka jioni majirani walikuwa wamejua. Wanawake wachache walikuja kukaa nami uani, na mama aliwapikia chai, lakini hakukaa nao.

Nilivaa nyeusi mwaka mzima. Sweta ya mama niliimaliza kabla ya yangu.

Kila Novemba, siku ya kuwaombea wafu, padri anasoma majina yaliyoandikishwa na familia. La Mbusa niliandikisha mimi. Mama anakuja kanisani pamoja nami, tunakaa benchi moja. Majina yakianza kusomwa anasimama, anatoka nje, ananingoja kwenye ngazi. Misa ikiisha tunarudi nyumbani pamoja.