Dakika Ishirini Kwenye Ziwa

Pale ofisini walimwita Rubani. Ulikuwa utani tu, maana kwa miaka tisa alikuwa amewapandisha watu ndege ilhali yeye mwenyewe hajawahi kuvuka ule mlango wa vioo wa uwanjani ambapo wasio na tiketi huambiwa wabaki. Kazi yake ilikuwa kuuza safari za nje. Alikaa ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, nyuma ya meza yenye kompyuta mbili, na ukutani kulikuwa na picha za milima ambazo jua la dirishani lilikuwa limezififisha mpaka zikabaki na rangi ya maji ya sabuni. Jioni alirudi kwa mama yake, akamkuta amekaa mlangoni akimngojea amhadithie nani kaja na anakwenda wapi.

Mwalimu alikuja Jumatatu moja, asubuhi, kabla hata feni haijawashwa. Alikuwa mama aliyekwisha pita umri wa makamo, mwembamba, goti lake moja limefungwa bandeji, na kwapani alishika daftari la shule lenye mistari. Alikuwa amestaafu kufundisha jiografia. Alilifungua lile daftari mezani akalizungusha ili Rubani aweze kusoma.

Mpango ulikuwa umekamilika. Treni ya saa ngapi, basi la kutoka mji gani kwenda mji gani, nyumba ndogo za wageni, hata saa za kupumzisha goti zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu nyekundu.

"Nataka viza na tiketi ya ndege tu," alisema. "Mengine nitajipeleka."

"Mwalimu, tuna kikundi kinaondoka mwezi ujao kwenda huko huko. Watu ishirini na wawili, kiongozi anajua lugha, hoteli zimeshalipiwa."

"Sitaki kikundi. Nimepeleka watoto wa watu ziara miaka thelathini na moja, nawahesabu wanaposhuka, nawahesabu wanapopanda. Sasa sitaki mtu anihesabu mimi."

Rubani alicheka, Mwalimu naye akacheka. Kisha akaeleza anachokwenda kukitafuta. Kulikuwa na ziwa moja kati ya milima, refu na jembamba, bonde lake lilichimbwa na barafu zamani za zamani. Kila mwaka alilichora ubaoni kwa chaki ya bluu, na kila mwaka mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, umeliona?" Akijibu hapana, darasa zima linaguna. Alitaka kwenda kukaa pembeni yake siku tatu. Hakuwa na jambo jingine la kufanya huko.

Rubani akampa fomu ya viza ya mtu binafsi, akamwambia arudi Alhamisi.

Mchana ule ule simu ililia. Aliyepiga alikuwa binti wa Mwalimu, mtoto wake wa pekee, mkunga katika hospitali moja ya mjini. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuwatuliza wengine na leo hana wa kumtuliza yeye.

"Dada, nakuomba kama ndugu. Mama ana presha. Mwaka jana alianguka bafuni, akakaa sakafuni saa nzima mpaka jirani akamsikia. Nimesema mpaka nimechoka, hanisikii. Akianguka huko ugenini peke yake, nani atamwokota? Wewe atakusikiliza. Mtishe kidogo aende na wenzake."

"Mimi siwezi kumlazimisha mteja."

"Usimlazimishe. Mtishe tu. Na tafadhali usimwambie nimepiga, ataninunia mwaka mzima."

Rubani alimfikiria mama yake mwenyewe pale mlangoni. Akakubali.

Alhamisi alipokuja Mwalimu, Rubani hakumwambia uongo mtupu. Alichukua ukweli akautia chumvi. Viza ya mtu binafsi hukataliwa sana, alisema, na ilikuwa kweli kwamba hukataliwa, ila si sana. Vituo vya treni vya huko vina maandishi yasiyosomeka. Mama mmoja wa rika lake aliibiwa mkoba wenye pasipoti, akalala kituo cha polisi siku mbili. Kisa hicho alikisikia kwa mtu, na mtu huyo alikisikia kwa mwingine.

Mwalimu alimsikiliza kwa macho yale ya mwalimu anayesomewa jibu na mwanafunzi aliyenakili kwa mwenzake.

"Wewe umewahi kufika?" aliuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Basi tuko sawa sote." Akalifunga daftari. "Hicho kikundi chenu, kinasimama pale ziwani?"

"Kinasimama."

Ratiba ilikuwa wazi mbele ya Rubani kwenye kioo cha kompyuta, nayo ilisema dakika ishirini. Hakuulizwa dakika ngapi, naye hakusema.

Mwalimu alitia sahihi. Alipoondoka, Rubani aliona kama amemnyang'anya mtu kitu mkononi, na ili kujisafisha moyo akafungua mpango wa viti vya basi. Kiti cha mbele, nyuma tu ya dereva, karibu na kioo kikubwa, hugombaniwa na watu wote. Alimwandikia Mwalimu kiti hicho. Bosi alipouliza kwa nini, alijibu, "Goti lake, bosi. Tena aone vizuri." Bosi, mtu wa maneno laini na mashati ya kupigwa pasi, alitikisa kichwa kukubali akaenda zake.

Kikundi kiliondoka. Siku ya nne ya safari, saa tisa mchana, kiongozi wa msafara alipiga simu ofisini, na Rubani ndiye aliyeinua.

"Huyu mama wa kiti cha mbele amenishinda," alisema kiongozi. "Anataka kujitenga siku tatu, halafu atukute uwanja wa ndege. Nimemwambia viza ni ya kikundi. Anasema niwaulize ninyi. Ongea naye."

Mwalimu akaja kwenye simu. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama ya mtu aliyekwisha kata shauri.

"Mwanangu, hujambo? Jana tumefika ziwani. Dakika ishirini. Kumi kati ya hizo ni foleni ya choo. Nimelifundisha miaka thelathini na moja, nimelitazama dakika kumi. Leo kutwa tumetembezwa maduka ya saa na maduka ya chokoleti. Kuna basi dogo linarudi kule kesho asubuhi, na nyumba ya wageni nimeshaiona, ipo pale pale nilipoiandika. Nipeni ruhusa. Nitatia sahihi chochote mtakacho."

Fomu ya kujitenga kwa muda ilikuwepo. Ilikuwa kwenye droo, mkono wa kulia. Mara mbili katika miaka ile tisa wateja waliisaini, wakaenda zao, wakarudi kwa wakati, na ndege ikawachukua kama wengine. Rubani angeweza kuituma hotelini kabla ya chai ya saa kumi.

Lakini aliisikia sauti ya yule binti. Akianguka huko, nani atamwokota?

"Mwalimu, haiwezekani. Ndivyo utaratibu ulivyo."

"Utaratibu wa nani?"

"Wa viza, Mwalimu. Samahani."

Upande wa pili walisikika watu wakicheka kwa mbali na milango ya basi ikifunguka.

"Haya, mwanangu," alisema Mwalimu. "Usijisumbue."

Siku ya sita, asubuhi, Rubani alipofika kazini alimkuta bosi amesimama katikati ya chumba, simu sikioni, uso umemshuka. Basi lilikuwa likiteremka mlima kwenye manyunyu, likateleza kwenye kona, likaupiga ukuta wa mwamba kwa mbele. Wengi walikuwa na michubuko na mifupa iliyovunjika. Waliokufa walikuwa watatu: dereva, na wanawake wawili waliokuwa wamekaa nyuma yake.

Rubani alikaa kwenye kiti cha wateja. Mtu alimletea maji akayashika mpaka glasi ikapata joto. Alitaka kuuliza majina, ila alishayajua. Yeye ndiye aliyeyaandika pale.

Mwili ulirudi baada ya siku kumi na moja. Msibani Rubani alikwenda na mama yake, wakaketi nyuma kabisa, miongoni mwa watu wazima waliokuwa wanafunzi wa Mwalimu. Binti alipita mbele yao mara mbili akipokea pole, akawapa mkono kama anavyowapa wote. Hawakujuana sura. Walijuana sauti tu, na siku ile Rubani hakufungua kinywa.

Walikutana ofisini, wiki tatu baadaye. Binti alikuja kuchukua begi la mama yake lililokuja na mizigo ya wengine. Siku hiyo hiyo alikuwepo kinyozi mmoja mstaafu aliyenusurika katika lile basi, mkono wake umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, amekuja kuandikisha maelezo kwa ajili ya bima. Alipotambua yule ni binti wa nani, alisimama kwa heshima.

"Pole sana, mwanangu. Mama yako alikuwa mtu wa watu. Alitufundisha milima yote njiani, kiongozi akabaki hana kazi." Alitabasamu kidogo, kisha akatazama chini. "Pale ziwani ndipo alipotuvunja moyo. Alikataa kupanda basi. Amekaa juu ya jiwe, sisi tumo ndani, dereva anapiga honi, kiongozi anatuhesabu mara mbili mbili, na wenzangu wengine wanaguna, Mungu atusamehe, mimi mmojawapo. Alipopanda hakusema na mtu mpaka jioni. Kesho yake akaomba aachwe arudi. Simu ilipigwa hapa hapa. Wakamkatalia."

Binti aligeuka polepole. "Nani alikataa?"

Bosi alitokea mlangoni kwake haraka kuliko ilivyo desturi yake. "Dada, mambo hayo yote yako kwa wakili wetu. Tutakujibu kwa maandishi." Akamtupia Rubani jicho ambalo halikuhitaji maelezo. Siku ya pili tu baada ya ajali aliwakusanya wote akawaambia: atakayezungumza na familia, ajue kazi hana.

Binti alichukua begi akateremka ngazi. Rubani akainuka akamfuata. Alimpata chini, mbele ya duka la miwani.

"Dada, ngoja. Ni mimi niliyekataa."

Binti alimtazama. Ile sauti aliijua, na Rubani aliona ikimwingia.

"Wewe ndiye niliyekupigia."

"Ndiyo."

"Ingewezekana? Angeweza kurudi kule?"

Hapo Rubani angeweza kusema hapana, na pengine ingekuwa huruma. "Ingewezekana," alisema. "Kuna fomu. Nilikataa kwa sababu nilikuahidi. Na kile kiti ni mimi niliyempa. Nilidhani namtendea wema."

Mteja mmoja alitoka dukani akijaribu miwani mipya kwenye jua, wakampisha. Binti alilihamisha begi mkono mmoja hadi mwingine. Alikuwa amewahi kuwaambia akina mama wengi habari mbaya, na sasa alionekana anatafuta namna wao wanavyosimama wakiambiwa.

"Alikasirika kwenye simu?"

"Hapana. Alisema nisijisumbue."

"Ndivyo asemavyo akikasirika."

Alianza kuondoka, akasimama, akarudi hatua mbili. Sauti yake ilikuwa imeshuka sana.

"Ndugu zangu upande wa mama wananiuliza kila siku kwa nini aliacha mpango wake. Kaka yake anajua lile daftari. Tafadhali. Usimwambie mtu kwamba nilikupigia."

"Sitasema."

"Hata kwenye uchunguzi wa ajali."

"Hata huko."

Uchunguzi ulifanyika miezi minne baadaye, katika chumba chenye meza ndefu na jagi la maji lisiloguswa na mtu. Wakati huo Rubani alikuwa ameshaachishwa kazi. Barua ilisema alikiuka maagizo ya kampuni kwa kuzungumza na familia. Wakili wa kampuni aliiweka lawama yote mabegani mwake: fomu ilikuwepo, mfanyakazi huyu hakuitumia, kampuni haikujua. Kisha akaitwa binti. Alisema mama yake alikuwa na mpango wake mzuri, akaja kutishwa na mfanyakazi wa ofisi aliyetaka kuuza nafasi ya kikundi. Alisema akiitazama karatasi yake. Alisema mama yake angekuwa hai leo. Katika hayo yote neno la uongo lilikuwa moja tu, lile la kutaka kuuza nafasi, nalo Rubani alilimeza.

Mwenyekiti wa uchunguzi akamgeukia Rubani. "Kulikuwa na sababu gani ya kumkatalia?"

Mjomba wa binti alikuwa ameketi safu ya kwanza, mzee aliyeshika fimbo yake kwa mikono miwili. Binti alikuwa pembeni yake, macho chini, vidole vinafunga na kufungua kifungo cha mkoba.

"Nilifuata utaratibu," alisema Rubani.

"Utaratibu unaruhusu. Tumeiona fomu."

"Basi nilikosea."

Waliandika. Aliambiwa anaweza kwenda. Kwenye varanda binti alimpita karibu, bega kwa bega, bila kumtazama wala kupunguza mwendo, na mjomba nyuma yake alimtazama Rubani kwa muda mrefu kama anayetaka kuikariri sura.

Nyumbani mama yake alikuwa mlangoni kama kawaida. Alimsogezea kigoda, akamwacha avue viatu kwanza.

"Wamekuuliza nini?"

"Kwa nini nilikataa."

"Ukasemaje?"

"Nikasema nilifuata utaratibu."

Mama alimtazama, naye alikuwa mtu wa kumjua mwanawe hata kwa kikohozi. "Na ndivyo ilivyokuwa?"

"Hapana, mama," alisema, akaingia ndani kulala, na jua lilikuwa bado juu.