Saa Iliyomsikilizia Boke

Wifi yangu Boke hasikii tangu alipougua homa utotoni. Alipomzaa Rhobi, akawa anafunga uzi kati ya mguu wa mtoto na kidole chake, ili mtoto akirusha mguu, yeye ajue. Wiki iliyopita uzi ulifunguka. Mama alirudi kutoka shambani akamkuta mjukuu wake amelia mpaka sauti imekauka, na Boke yuko nyuma ya nyumba ametulia, anaanika mihogo mwambani.

"Rhobi ataenda Susuni kwa dada yako Scholastica," Mama akaniambia. "Akijua kutembea, atarudi amtafute mama yake mwenyewe."

Asubuhi ya safari nilimvalisha Boke saa ambayo kaka yangu Machage, mumewe, aliituma kutoka Nyamongo pamoja na simu yake ya zamani. Simu niliiweka kando ya mtoto. Ikitambua kilio cha mtoto, inaiambia saa, na saa inatetemeka mkononi. Nilikuwa nimesoma habari hizo chuoni, lakini kusoma ni kusoma tu.

"Saa haina masikio," Mama akasema.

"Subiri kidogo, Mama."

Boke akaenda mwambani. Sisi tukakaa mlangoni. Rhobi alipoanza kulia ndani, Boke, aliyekuwa ametupa mgongo, aliacha mihogo akautazama mkono wake kama mtu aliyeguswa bega na asimwone aliyemgusa. Kisha akaja mbio. Kilio kilikuwa kimepita hewani, kikamfikia mama kupitia ngozi yake.

Alimnyonyesha, akamlaza, akarudi kazini. Baada ya muda akaja tena mbio. Mtoto alikuwa usingizini. Akaja tena, vilevile. Aliyelia ni mwanambuzi yatima ambaye Mama humfunga humo ndani karibu na jiko na kumnywesha kwa chupa.

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Saa yenu haijui mtu wala mbuzi. Nchagwa, washa pikipiki."

"Hata mimi nilidhani ni mtoto, Mama," akasema Nchagwa wa bodaboda, aliyekuwa akitungoja.

"Wewe hata mke huna. Nyamaza."

Mwanambuzi akalia tena, na Boke akaja tena, anahema, kidole cha mguu kinatoka damu kwa kujikwaa. Mama akamzuia mlangoni, akamwonyesha mbuzi, akapunga mkono: acha, si mtoto.

Boke akatikisa kichwa. Akaonyesha ndani kwa mtoto, kisha akajigusa kifua: nitakuja. Akamwonyesha mbuzi, akajigusa kifua tena.

"Anasema hata ikiwa ni mbuzi..."

"Nimeelewa, Winfrida. Sijaomba mkalimani."

Mama alikitazama kile kidole kwa muda. Akaingia ndani, akatoka na mwanambuzi kwapani, akamkabidhi Nchagwa.

"Mpelekee Scholastica. Amnyweshe asubuhi na jioni."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana mama yake."

Pikipiki ikaondoka, mbuzi analia njia nzima. Mama akaushika mkono wa Boke, akaisogeza saa sikioni mwake mwenyewe, akasikiliza. Ndani, Rhobi akalia. Saa ikatetemeka shavuni mwa Mama, naye akabaki amesimama, mkono ungali hewani, wakati Boke ameshaingia kwa mwanawe.

"Kumbe," akasema polepole.